Koloneli Iko

Mume wangu alikamatwa kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "iko." Ninajua watu hukamatwa kwa mambo makubwa zaidi. Sisi tulipewa hilo.

Ilikuwa hivi. Askari wa kizuizi, kule mbele ya Nyabiondo, walifungua mzigo mrefu uliofungwa nyuma ya pikipiki wakakuta bunduki ndani ya mkeka. Wakamuuliza Élie, "Hii bunduki iko ya nani?" Mume wangu ni mwindaji, na mwindaji wa Kibua haanzi habari za bunduki kabla ya kuitaja jina, kama vile wewe usivyoanza habari za mtoto wako kwa kusema "kile kitu." Akajibu, "Iko Koloneli." Kwa Kiswahili cha kwetu maana yake haina shida: hii ni Koloneli, ndilo jina lake. Lakini yule askari alitoka mbali, na Kiswahili alikiokota barabarani, kipande hapa kipande pale. Yeye alisikia kwamba kuna koloneli wa kundi la porini. Akauliza, "Koloneli iko wapi?" Élie akasema, "Iko hapa." Askari wote wakalala chini.

Walipoinuka walikuwa na hasira, maana mvua ilikuwa imenyesha na nguo zao zilikuwa safi. Walimfunga mikono, wakaandika karatasi, wakampeleka Masisi.

Mimi ni Kahambu, mtu wa Butembo, Mkatoliki, mwenye duka Kibua: chumvi, sabuni, betri, misumari, vipuri vya baiskeli. Nilikuja huku Walikale nikifuata biashara, nikabaki nikimfuata Élie. Kwetu Butembo kitu kisicho na karatasi yenye muhuri hakipo, hata ukikikalia. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba mwenye silaha ya kuwinda aipeleke ofisini ikaandikwe, mimi ndiye niliyesema, "Papa Béné, peleka Koloneli iandikwe." Namwita hivyo kwa sababu ya binti yetu wa kwanza, Bénédicte. Élie hakutaka. Alisema Koloneli haipendi safari. Nilimsumbua wiki tatu, asubuhi na jioni, mpaka akatafuta mkeka. Basi anayetafuta mtu wa kulaumu asiende mbali, nipo.

Bunduki hiyo aliirithi kwa mjomba wake, Papa Henri. Kwa watu wake, mpwa anaweza kuingia kwa mjomba akashika kuku bila kuomba, na mjomba atacheka. Bunduki ni jambo jingine. Papa Henri alipokuwa anakufa, wawindaji walikaa kuzunguka kitanda, wakaweka kengele ya mbwa, alama ya mwindaji, juu ya bunduki, na mgonjwa akamvuta Élie akamnong'oneza sikioni muda mrefu. Niliona midomo ikicheza. Kisha Élie alitoka nje akasema mbele ya wote, "Iko Koloneli," na wawindaji wakaitika, "Iko." Kilichobaki sikioni kilibaki sikioni. Ndiyo desturi.

Papa Henri mwenyewe aliipata wapi? Alikuwa na hadithi tatu, kutegemea amekunywa pombe ya kasiksi kiasi gani. Kwa kikombe cha kwanza alipewa na mzungu aliyekuwa anakimbia. Kwa cha pili alimnyang'anya mzungu huyo. Kwa cha tatu hakukuwa na mzungu.

Tangu siku hiyo Élie alikaa kwenye viti vya wawindaji wa bunduki, karibu na Papa Isidore, mkuu wao. Hivyo viti si mchezo. Mwenye bunduki anakula ini la mnyama kwanza, anaitwa kwenye kesi za mashamba, na watu wakimpita wanapunguza sauti. Mtu wa mitego anakaa nyuma pamoja na wazee waliochoka na wale wasio na mbwa. Anakula anachobakishiwa. Hakuna anayemchukia. Hawamwoni tu.

Nilifika Masisi siku ya Jumanne, nimelala Lushebere kwa wakimbizi tunaowafahamu, viatu vimejaa tope. Ofisi ilikuwa na meza, viti viwili, na Kapiteni Pierre. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mkali ukimpigia kelele anapiga kelele, mnachoka wote wawili, mnapatana. Mpole anaandika.

"Mama, keti," alisema. "Bwana yako iko muzima. Anakula. Tatizo iko Koloneli."

Nikamweleza. Nilieleza neno "iko" kutoka pande zote. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu, akasoma karatasi ya kizuizi kwa kidole: aina ya silaha, AKA, mwenye silaha, koloneli, jina halijulikani, mahali alipo koloneli, hapa. Akainua macho akanitazama kana kwamba huenda nimemficha kwenye kikapu.

"AKA?" nikauliza. "Nani alisema iko AKA?"

"Dereva ya pikipiki alisema iko Mozere. Askari ya kizuizi aliandika AKA. Padri alipita hapa, akasema iko ya kuwindia tembo. Miye niliona kama FAL." Akakunja mikono. "Bantu ine, bunduki ine. Lakini hapa kuko nafasi ya moja."

Kisha akanieleza jambo lenyewe, taratibu, kama daktari. Tangu état de siège, yaani tangu jeshi lipewe kutawala mkoa, raia mwenye silaha ya kivita anahukumiwa na wanajeshi. Kama bunduki hii ni ya kivita, na ina koloneli nyuma yake, basi Élie ni mtu wa kundi la porini. Ijumaa kuna lori la kwenda Goma. Kama ni kitu kingine, basi mtu anayejua silaha aje aseme ni nini, atie sahihi, na yeye Kapiteni ataona.

"Na huyo muntu iko wapi?"

"Hatuna. Fundi yetu alienda likizo, hajarudi, ni mwaka wa pili." Akafikiri. "Lakini kuko muzee moja kule Kirolirwe, Munyakazi. Alikuwa armurier, fundi ya bunduki, mu jeshi ya zamani. Sasa anachunga ngombe."

Walinipa dakika tano za kumwona Élie. Alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu pamoja, kama mtu anayengoja misa. Nikamwambia, "Papa Béné, nisamehe." Akasema, "Haina neno. Koloneli umeiona? Wameiweka chini, sakafu iko na maji." Mtu anaelekea gerezani Goma, anahofia kutu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia, sikufanya lolote kwa sababu dakika ziliisha.

Jumatano nzima nilikuwa juu ya pikipiki. Kirolirwe ni nchi ya majani na ng'ombe, milima imenyolewa kama kichwa cha mtoto, na ukiuliza njia unaelekezwa kwa rangi ya ng'ombe: pita wale wekundu, shuka kwa wale wa madoa. Papa Munyakazi nilimkuta amesimama na fimbo, kofia ya sufu masikioni, mzee mrefu mkavu. Nilimwamkia, nikaeleza kila kitu, mume, kizuizi, koloneli, lori la Ijumaa. Alinisikiliza bila kuondoa macho kwenye ng'ombe zake. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mbao yake iko rangi gani?"

"Mbao?"

"Kitako, mama. Rangi."

"Kama chai isiyo na maziwa."

Akamwita jirani awaangalie ng'ombe, akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

Tulikuwa watatu kwenye pikipiki moja, dereva, mzee, na mimi. Njiani nilimwomba kile nilichokwenda kumwomba. Poupou, kwa asiyejua, ni bunduki ya kuwindia inayotengenezwa na wahunzi wetu kwa bomba na mbao, na haijampeleka mtu Goma. Nikamwambia sikioni, "Papa, weye sema tu iko poupou. Neno moja. Mungu atakubariki na ngombe zako."

Tulimaliza kupanda kilima. Kisha akasema, "Mama, ngombe naweza kuisifia bongo, sifa ya uongo, juu naiuzaka. Bunduki siuzake."

Hapo nilijua ninamleta mtu mwaminifu. Nilihuzunika sana.

Alhamisi asubuhi, tulipofika ofisini, Papa Isidore alikuwa ameshafika. Alitembea kutoka Kibua siku mbili, mkuu wa wawindaji, na kofia yake ya ngozi ya kalunguyeye, aje kuapa kwamba Élie ni mwindaji halali na si mtu wa kundi, na alikuwa ameshaapa kabla yetu. Nilipomwona nilifurahi kwa mdomo tu. Kwa maana kuna jambo nililojua, na siri ya mtungi aijuaye kata, na sikutaka Papa Isidore awe karibu na mtungi huo.

Kapiteni akamleta Élie, akaleta na bunduki, akailaza mezani juu ya gazeti. Papa Munyakazi aliomba maji, akanawa mikono, akaikausha kwa koti. Kisha akaishika. Sijawahi kuona mtu akishika kitu hivyo isipokuwa Padri. Akaipima mkononi, akapitisha kidole kwenye mbao, akanusa.

"Kwanza," alisema, "haiko AKA. AKA iko na chargeur ya kupinda kama ndizi. Hii chargeur yake iko fupi, imejificha mu tumbo, inakulaka risasi kumi tu. Nani aliandika AKA?"

"Kizuizi," alisema Kapiteni.

"Muwarudishe ku masomo. Pili, haiko Mozere. Mozere unaifungua na mukono kila risasi, fungua, funga, fungua, funga. Hii inajifungua yenyewe. Lakini haimwangi risasi zote kama maji. Inangojea kidole. Kidole moja, risasi moja. Njo inaitwaka semi-automatique."

"Semi?" akauliza Kapiteni.

"Nusu."

Kapiteni akatazama karatasi yake. Ilikuwa na vyumba viwili vidogo, kimoja cha automatique, kingine cha isiyo automatique. Aligeuza karatasi nyuma, hakukuwa na kitu. "Nusu haiko," alisema.

"Lakini iko," alisema mzee, akionyesha meza.

Kapiteni alifikiri sana, akatia alama katikati ya vyumba viwili, mahali pasipo na kitu.

Papa Munyakazi akachovya kitambaa kwenye mafuta, akasugua ubavu wa chuma. Herufi zikatoka chini ya uchafu, akazisoma kwa sauti kama anayesoma jina la rafiki kwenye kaburi. Ilitengenezwa Ubelgiji, Herstal, miaka ya mwanzo ya hamsini. Pembeni kulikuwa na F na P, Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji. "Baba yangu alibebaka kama hii," alisema. "Bado nilikuwa mutoto. Sikufikiri nitaonaka ingine."

"Basi iko silaha ya kivita," alisema Kapiteni.

"Iko. Ya vita yenye ilimalizika mbele weye uzaliwe."

"Sheria haiulize vita gani." Na akaandika: ya kivita.

Kamba ya mume wangu nilikuwa nimeileta mwenyewe, juu ya pikipiki, kutoka Kirolirwe, na nilikuwa nimelipa hata mafuta. Élie yeye alikuwa anatabasamu. Mtu amesifiwa bunduki yake.

"Ngoja," alisema Papa Munyakazi. Alikuwa amevuta kile chuma cha nyuma, kikatoka kwa shida, na ndani yake mlikuwa na udongo. Nyigu walikuwa wamejenga. Aliugonga udongo ukaanguka juu ya gazeti, akaingiza jicho, akaingiza kijiti. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Percuteur haiko," alisema.

"Percuteur njo nini?" aliuliza Papa Isidore.

"Sindano, Papa. Njo inagongaka risasi ku kitako ili itoke. Bila sindano hii iko fimbo ya gali." Akamgeukia Kapiteni. "Na haikupotea. Ilitolewa. Hapa mbele imezibwa na fundi, kazi muzuri, ya zamani. Hii ilikuwa bunduki ya défilé. Zamani walitoaka sindano mu bunduki za kuparadia, juu askari mupya asikosee mbele ya bakubwa. Tangu siku ile haijapiga kitu. Haiwezi. Naweza kutia sahihi mara mbili."

Nilishukuru Bikira Maria kwa majina yake yote ninayoyajua. Fimbo ya ghali. Mtu hafungwi kwa fimbo. Nikasimama, nikaanza kutafuta kikapu changu.

Lakini Kapiteni alikuwa hajaweka kalamu chini. Alikuwa anarudi nyuma kwenye karatasi zake, ukurasa mmoja mmoja, kwa ule upole wake.

"Hapa Jumatatu," alisema, "Élie alisema, 'Ninauaka nyama na hii bunduki tangu miaka kumi na moja. Nguruwe ya pori, swala, nungu.' Aliweka kidole mu karatasi." Akamtazama. "Ulisema?"

"Nilisema," alisema Élie.

"Na Papa Isidore asubuhi ameapa ameikula."

"Nimeikula," alisema Papa Isidore.

"Basi nyama ilikufa. Na hii haiuwe." Kapiteni aliweka mikono mezani. "Kama nyama ilikufa na bunduki, na haiko hii bunduki, basi kuko ingine. Yenye sindano. Ile ingine njo ya Koloneli. Élie, ile ingine iko wapi?"

Nataka mwelewe vizuri tulipofika. Mzee alisema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa imezaa bunduki ya pili.

"Haiko," alisema Élie.

"Basi hii inapiga?"

Élie alitazama Koloneli, akamtazama Papa Isidore. "Inapiga," alisema.

Kapiteni alichukua karatasi mpya na kuandika juu yake neno Goma. Niliweza kulisoma hata kichwa chini.

Miaka kumi na moja mimi ndiye niliyechuna nyama ya mume wangu, nikaikata, nikaikausha kwa moshi. Nyama ya risasi ina tundu. Unalitafuta, unakata kulizunguka, unatoa chuma ili mteja asivunjike jino. Nyama ya Élie haikuwa na tundu hata siku moja. Ilikuwa na mstari mwembamba shingoni au mguuni, mahali manyoya yamelala. Nililiona hilo kwa paa wa kwanza, tukiwa hatujamaliza mwezi katika ndoa. Sikusema kitu. Alikuwa amesimama mlangoni, akiningoja nimsifu. Nikamsifu.

Nikasema, "Papa Kapiteni, iko mitego."

Nikaendelea, maana maji yakimwagika hayazoleki. "Bwana yangu anategaka. Na waya. Hajapiga risasi hata moja mu maisha yake. Nyama yake miye njo nachunaka, haina tundu."

"Mama," alisema Kapiteni, "bibi anaweza kusema kila kitu juu ya kuokoa bwana yake."

"Waya ya breki za velo," nikasema. "Miye njo naziagizaka Butembo, paketi kwa paketi, kila miezi mitatu. Uliza Papa Isidore, Kibua mzima kuko velo ngapi?"

Kapiteni akamgeukia Papa Isidore. Mzee alihesabu, na alihesabu kwa haki, na ile ya katekista yenye gurudumu moja aliitia ndani. "Mbili," alisema.

Nilikuwa naagiza waya za breki za kutosha kusimamisha baiskeli zote za Masisi. Naziacha nyuma ya duka, kwenye kona, ndani ya boksi lisilofungwa. Boksi linapungua, naagiza tena. Hatukuwahi kuzungumza juu ya boksi hilo. Mimi nilifikiri hajui kwamba najua. Sasa nilimtazama, nikaona kwamba hakika hakujua. Alikuwa ananitazama kana kwamba nimeingia ofisini kwa mara ya kwanza.

"Sitaandika neno ya bibi," alisema Kapiteni. "Aseme mwenyewe. Kwa sauti."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni, nilisikia shoka mara nyingi. Nilifikiri: atakwenda Goma. Atapanda lile lori, akae gerezani miaka, watoto wangu wakue bila baba, ili Papa Isidore asijue. Nilimchukia kwa muda huo, nasema kweli. Kisha nikaona kwamba hafikirii Papa Isidore. Mkono wake ulikuwa sikioni, lile sikio la kulia alilonong'onezewa.

"Papa Henri alinikataza," alisema.

"Alikukataza nini?" aliuliza Papa Isidore.

Élie alizungumza akitazama sakafu. "Siku ya kufa. Aliniambia jina. Halafu akaniambia haipigake. Aliniambia, haijapigaka hata siku moja, na miye nilitegaka tu, na weye utatega, na usiseme kwa muntu, hata kwa bibi. Akaniambia waya ya kuweka, na vijia vya nyama. Alisema yote ile." Akapumua. "Iko mitego. Na yake na yangu. Andika."

Kapiteni aliandika. Papa Isidore alivua kofia yake ya ngozi, akaitazama ndani. Miaka arobaini alikula nyama ya Papa Henri, na mara ngapi alimpa ini kwa mkono wake mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Na ile nguruwe kubwa ya mwaka ya njaa?"

"Shimo," alisema Élie.

Mzee akavaa kofia.

"Imebaki Koloneli," alisema Kapiteni. "Élie, kwa mara ya mwisho. Koloneli iko wapi?"

Élie aliinua kidole akaonyesha meza. "Ile pale."

Kapiteni Pierre alitazama bunduki, akatazama karatasi ya kizuizi, akarudi kwenye bunduki. Nilimwona akilitamka lile neno "iko" bila sauti, mara mbili, kama anayeonja chumvi. Kisha akachukua rula, akapiga mstari ulionyooka juu ya koloneli, na juu ya mahali alipo, akapiga muhuri. Élie aliachiliwa, na karatasi nilipewa mimi. Bunduki ilibaki. Papa Munyakazi aliomba kuisafisha mpaka mwisho kabla ya kuondoka, na alipokataliwa alifunga udongo wa nyigu kwenye karatasi, akautia mfukoni.

Tulirudi Kibua, Papa Isidore mbele, Élie nyuma yake, mimi mwisho na muhuri wangu. Siku ya pili, tukivuka kijito, Élie alisema bila kugeuka, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu paa wa kwanza."

Alivuka, akakaza mwendo. Swali hilo ndilo neno la mwisho alilosema nami kwa siku tisa.

Wawindaji walikutana. Hawakumtukana. Kiti chake kilihamishwa nyuma, wanakokaa wazee na wasio na mbwa, na kutoka kaburi la Papa Henri waliondoa kengele ya mbwa, iliyotundikwa pale tangu mazishi. Élie aliwatazama wakiiondoa, amesimama, mikono mgongoni. Majirani waliokuwa wakipunguza sauti wakipita walianza kuongea kama kawaida. Nyumbani alikula, akalala, akamchezesha mtoto mdogo, na kwangu hakuwa na neno. Nilimwambia, "Papa Béné, ningenyamaza ungekuwa Goma." Akaitika kwa kichwa. Alikuwa anajua. Kujua hakumsaidii mtu. Mimi nililia dukani, nyuma ya magunia ya chumvi, na mteja aliponikuta nilisema ni pilipili. Sikujuta kumwokoa. Nilijuta kwamba nilikuwa nimempokonya kitu ambacho nilikuwa nimekilinda miaka kumi na moja, na sikuwa na kingine cha kumpa mahali pake.

Siku ya kumi, mwanga umeanza tu, alisimama mlangoni pa jikoni na boksi la waya mkononi. "Vaa buti," alisema.

Tulitembea saa moja ndani ya msitu, yeye mbele. Mahali ambapo mimi niliona majani tu, alichuchumaa, akanionyesha nywele tatu zilizonaswa kwenye gome, na alama ya kwato si kubwa kuliko kidole gumba. Alichagua mti mchanga, akaupinda mpaka chini, taratibu, akiusikiliza. Akafunga waya, akapima kitanzi kwa ngumi yake, akaweka kijiti cha kushikilia, akatawanya majani juu mpaka nikapoteza mahali penyewe na huku nimesimama hapo hapo. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Nilikuwa nimeolewa na mwindaji kwa miaka kumi na moja, na asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiwinda.